Maji Yanayopanda Mlima

Tulipoingia Himo watu waliacha maduka wazi wakatoka kuja kuyagusa madumu. Hawakutugusa sisi. Waligusa madumu, moja baada ya jingine, kama mama anayepima joto la mtoto, na wengine walitaka kuhakikishiwa kwamba yale maji yalitoka Dar es Salaam kweli. Tuliwaambia ndiyo. La kwangu lilijazwa bombani Sinza, la kaka Mringi likajazwa Mbagala, na wenzetu tisa kila mmoja na mtaa wake. Lita ishirini kila mgongo, kwa miguu tangu pwani, tukilifuata bomba kuelekea lilikotoka.

Sitaficha, nilijiona mkubwa. Naitwa Apaikunda, mzaliwa wa Kiwesa, na mlimani wananiita Kreni. Nimekuwa mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, tangu usichana wangu, mwanamke peke yangu katika kundi la wanaume walionicheka kisogoni mpaka walipochoka kukiona kisogo changu kikiwa mbele yao. Sasa nilikuwa kiongozi wa Msafara wa Maji, na kila mji tuliopita, Chalinze, Korogwe, Same, uliniongezea kimo kidogo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Mimi maji nilikuwa nayo tayari.

Bomba lenyewe lilikwenda kando yetu safari nzima, nene kuliko tumbo la ng'ombe, limepakwa bluu. Ukiliwekea sikio unasikia maji yakishuka. Kule juu, mahali msitu unapokutana na mawingu, zimetundikwa nyavu, kilomita baada ya kilomita, nyembamba kama chandarua, nazo huunasa ukungu kabla haujaufikia msitu. Ukungu huwa matone, matone huingia kwenye mifereji ya bati, mifereji huingia kwenye bomba, na asubuhi mtu wa Sinza anafungua koki. Nyavu zilipofungwa tuliokuwa wa kwanza kushangilia ni sisi wa mlimani, maana Dar ilikuwa inakufa kwa kiu na hakuna Mchaga asiye na ndugu Dar. Hatukujua kwamba msitu nao unakunywa huo huo ukungu, na kwamba chemchemi zetu zilikuwa mabaki ya kinywaji chake.

Ikaanza mifongo kukauka. Mfongo ni mfereji wa mababu unaoleta maji mpaka kwenye migomba, na wa Kiwesa ulikuwa na taratibu zake: ukiziba, pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Pembe ilipopulizwa mara ya mwisho watu walifika wote. Wakasimama na majembe yao, wakatazama, na hapakuwa na cha kuzibua. Migomba ya mama ilikufa mstari kwa mstari kuanzia juu. Leo anaishi tambarare kwenye chumba cha kupanga, na kila Jumamosi anakwenda sokoni kununua ndizi. Mama yangu, kununua ndizi.

Jumapili iliyokuwa inakuja, watu wa miji yote inayokunywa bomba hilo walikuwa wanapiga kura. Ama nyavu zizungushiwe mlima mzima, ama zipunguzwe nusu na miji ijifunze kutumia maji kwa kipimo. Wapiga kura wengi walikuwa Dar, na Dar haikuwa na habari. Ndiyo maana tulikwenda kuyachota maji kwao na kuyarudisha kwa migongo yetu. Tulitaka wayaone yakipanda.

Kuona tu, hata hivyo, kusingetosha, na hapo ndipo alipoingia Mbelwa.

*

Mbelwa Shekalaghe alikuwa fundi wetu kutoka Lushoto, mwanamume wa makamo mwenye kitambi cha heshima, aliyetufuata na gari dogo la umeme hadi barabara zilipoishia. Kila asubuhi alinivisha Ngozi. Ni fulana tu ukiitazama, nyepesi, ya kijivu, lakini imefumwa kwa nyuzi zinazosoma mwili: misuli, pumzi, joto, mapigo, maumivu ya kila kiungo. Kinachosomwa kinarushwa, na aliyevaa kikuku mkononi, awe Kigamboni au Morogoro, anakisikia mwilini mwake.

Vikuku vilianzia kwenye mpira. Mshabiki alitaka kulisikia goli mguuni mwake, akalisikia, na siku mshambuliaji mmoja alipovunjika mguu kwenye mechi ya watani wa jadi nusu ya mji ilichechemea mpaka jioni. Baada ya hapo serikali ikaweka sheria. Kila kikuku kina taa ndogo ya kijani, na taa ikiwaka maana yake unachokisikia ndicho alichokisikia mwenye mwili, hakikuongezwa wala kupunguzwa. Ikigeuka nyekundu, umedanganywa. Watu wanaiamini ile taa kuliko wanavyowaamini wachungaji wao.

Picha watu walishazichoka. Tumewaonyesha mito mikavu, wameitazama huku wanakula. Tumewaonyesha tembo aliyekufa kwa kiu, wakauliza kama kuna video ndefu zaidi. Bega lako mwenyewe, alisema Mbelwa, huwezi kuligeuzia uso. Tukakubaliana kwamba mimi ndiye nivae Ngozi, kwa kuwa nilikuwa imara kuliko wote na nisingeanguka njiani.

Idadi ya waliovaa ilipanda kila wiki. Tulipoondoka Dar walikuwa wachache, ndugu na marafiki. Same walipita milioni. Himo, milioni mbili na ushee. Nilizitaja namba hizo kwenye kila mkutano wa barabarani, na nilizitaja kwa sauti.

*

Mdogo wangu Haikaeli alinipigia tukiwa juu kidogo ya Himo, tumeketi nyuma ya kanisa, tunakula makande tuliyopikiwa na akina mama wa kwaya. Haikaeli anauza mapazia Sinza. Bomba lililojaza dumu langu ni la uani kwake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kikuku umekivaa?"

"Sikivui hata nikilala. Tangu nikivae, ule mgongo wangu wa kusimama dukani umepona kabisa."

Nilidhani ananitania, maana ndiyo tabia yake. Hakuwa anatania. Alinieleza kwa furaha kwamba saluni ya jirani inawavisha wateja vikuku wakati wa kusukwa ili wasilalamike. Madereva wanavivaa kwenye foleni. Kuna daktari anawashauri watu wenye presha. Dar nzima ilikuwa imenipa jina jipya, wananiita Kitulizo.

Nikamuuliza mzigo hawausikii?

"Mzigo gani? Asubuhi ukiinuka, kidogo, kama mtu kakushika begani. Halafu unapotea. Unabaki mwendo tu na pumzi." Kisha akaniambia neno ambalo kwake lilikuwa la sifa. "Dada, una pumzi nzuri."

Niliaga nikaweka sahani chini. Masikio yalikuwa yananiwaka kwa aibu. Nimevuka Mkomazi kwenye jua la saa nane, nimelala juu ya mawe, kucha mbili za mguu zimebaki Korogwe, na watu wa mji wamenitumia kama mto wa kulalia. Milioni mbili, na nilikuwa nimewatangaza.

Mbelwa alikuwa anajua. Nilimwona usoni kabla sijamfikia. Alikuwa anajua tangu Same, akakosa namna ya kuniambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na namna ya kuniambia kitu wakati ule.

Alinikalisha kwenye ngazi za kanisa akanieleza. Mwili wa mtu, alisema, hutangaza kinachobadilika. Fulana uliisikia ulipoivaa asubuhi, na ungekuwa umeisahau nisingeitaja. Harufu ya nyumba ya watu unaisikia mlangoni, ukikaa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai imekwisha. Ndivyo na mzigo. Mtu wa kawaida mwili wake unajaribu kuusahau unashindwa, unalia, na kilio hicho ndicho Ngozi inachokirusha. "Wako unausahau, dada Kunda. Sijawahi kupima mwili unaosahau hivi. Ukiwa unapanda mlima, mapigo yako ni kama yangu nikisoma gazeti. Na mkianza kuimba ndiyo basi, mistari yote inalala."

Wiki moja kabla ningelichukua neno hilo nikalitundika ukutani.

Kisha akaniambia lililomfanya akose usingizi. Kila mwili una sifuri yake, mahali pa kuanzia kuhesabu. Yangu ilipimwa Dar nikiwa nimeketi, nimepumzika. Angeweza kuiondoa akaweka sifuri ya mtu mwingine, ya mtu laini, na hapo kila hatua yangu ingefika kwenye vikuku kama hatua ya mtu huyo. Taa ingebaki ya kijani, kwa kuwa taa inalinda namba zinazotoka mwilini, hailindi mahali zilipoanzia kuhesabiwa. Alikuwa ameshapima sifuri yake mwenyewe.

"Kwa hiyo watasikia nini?"

"Watasikia dumu kama lingekuwa mgongoni mwangu."

"Basi libebe," nikamwambia.

Na Mungu ambariki, akalibeba. Kaka Mringi alimsaidia kufunga mikanda. Mbelwa akatembea kutoka ngazi za kanisa mpaka kwenye ua wa michongoma, akageuka, akaliona kanisa lilivyo mbali, akaketi palepale na dumu lake mgongoni. Wenzetu walicheka mpaka akina mama wa kwaya wakatoka jikoni. Naye alicheka. Lakini tulipomfungua alikuwa na mistari miwili myekundu mabegani, na hakuwa anacheka tena.

"Umeona?" aliniambia. "Huu ndio ukweli wa mtu wa Sinza. Wewe ndiye usiyefanana na ukweli."

Nilimwambia nitampa neno asubuhi, kabla hatujaingia msituni.

*

Tulitembea alasiri nzima kuelekea Kiwesa, na kichwani sikuwa na kitu kingine. Nilitaka kukubali. Nalisema wazi: nilitaka sana. Jumapili ilikuwa mlangoni, na nilikuwa na picha ya mama amesimama mbele ya fungu la ndizi anauliza bei. Kama uongo mdogo ungemrudisha kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, nani angelalamika? Na kweli ni uongo? Mzigo ulikuwepo. Kiu ya mlima ilikuwepo. Mbelwa alikuwa anatafsiri tu, kama unavyomfafanulia mgeni Kichaga kwa Kiswahili.

Lakini kila nilipofika hapo niliiona ile taa ya kijani. Mtu anaweza kunidanganya kwa maneno, nikayakataa. Anaweza kunidanganya kwa picha, nikafumba macho. Kumdanganya mtu ndani ya ngozi yake mwenyewe, mahali ambapo hana mlango wa kufunga, na umwashie taa ya kumwambia ni kweli, hilo nililiona kubwa kuliko mimi. Na siku ambayo watu wengine watakuja na kilio chao halisi, nani atawasikiliza?

Kaka Mringi alikuwa nyuma yangu, kama alivyokuwa safari zote tangu nianze kazi. Ndiye aliyenifundisha kufunga mzigo, na ndiye mwanzishaji wa nyimbo zetu. Magoti yake yamekwisha, ila hayasemi. Alinisogelea tukiwa tunafuata mfongo mkavu, umejaa majani ya mparachichi na chupa za soda, akaniuliza nakataa nini hasa.

"Nakataa uongo, kaka."

"Uongo upi? Pale Mwanga kisigino kilikuwa kinatoa damu. Nilikuuliza, ukaniambia soksi imechafuka."

Nikamwambia huo si uongo, hiyo ni kazi. Mgumu halii mbele ya mgeni.

"Sawa. Na hawa milioni mbili ni wageni wetu au ni ndugu zetu?" Alisubiri tukavuka jiwe. "Kunda, mficha maradhi, kilio humfichua. Mbelwa anataka mwili wako useme maumivu usiyokuwa nayo. Wewe umeufundisha usiseme uliyonayo. Sijui nani kati yenu anaistahili ile taa."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba katika miaka yangu yote ya mlimani sijawahi kuita bega, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alilijua. Kwetu wagumu, anayeshindwa mzigo husema neno moja tu, bega, na aliye nyuma yake lazima aupokee bila kuuliza. Hakuna anayecheka. Jioni aliyeita anaosha sufuria za kundi zima, na yamekwisha. Ila hayaishi, kwa sababu mahali alipoitia pataitwa kwa jina lake. Njia yote ya kupanda ina majina hayo: Kona ya Ndesario, Jiwe la Mosha, Mzizi wa Kisali. Wanaume wenye nguvu zao, na wajukuu wao wanapita pale wakiyataja. Hakuna hatua ya mlima ule inayoitwa Apaikunda, na nilikuwa nimepanga kufa hivyo.

"Najua hujawahi," alisema kaka Mringi. "Mimi nimeita mara tatu. Mara zote nilikuwa nasema kweli."

Akarudi nyuma kwenye nafasi yake.

*

Asubuhi, kwenye lango la msitu, nilimwambia Mbelwa aiache sifuri yangu ilivyo. Aliinamisha kichwa. Nikawaambia wenzangu kwamba leo hatuimbi.

Walinung'unika. Kupanda bila wimbo ni kula ugali bila mboga, na kijana mmoja wa Machame aliuliza kama kuna msiba. Niliwaambia ukweli: wimbo ndio unaoulaza mwili wangu, nami nataka leo uwe macho. Sitaongeza kitu. Sitaita bega kwa kuigiza, kwa kuwa huo nao ni uongo wa Mbelwa umevaa nguo zangu. Nitatembea, na mwili ukiwa na neno nitauacha useme.

Waliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, ya huruma. Kisha wakajifunga mizigo.

Msitu ule niliupita nikiwa mtoto, ukiwa na maji kila mahali: kwenye ndevu za miti, zile nyuzi zinazoning'inia matawini, kwenye kola ya shati, shingoni. Sasa ndevu za miti zilikuwa za kahawia, ukizishika zinakatika kama tumbaku. Juu yetu, kwenye nguzo ndefu, nyavu zilikuwa zinafanya kazi yake. Ukungu uliingia upande mmoja mweupe ukatoka upande wa pili si kitu, na ndani ya mifereji ya bati tuliyasikia maji yakikimbia kwenda Dar. Tuliyasikia muda wote. Hapakuwa na tone la kulowesha kidole.

Njia yetu ilipanda kwenye mawe ya maporomoko yaliyokauka, mteremko mkali, ngazi moja kubwa baada ya nyingine. Juu yake kuna mdomo wa mfongo wa Kiwesa, na hapo ndipo tulipokusudia kuyamwaga maji.

Bila wimbo nilianza kukutana na mwili wangu. Kwanza kisigino. Kilikuwa na habari ndefu tangu Mwanga, kikanieleza yote. Halafu mikanda ya dumu, wa kulia hasa, uliokuwa umejichimbia mahali pake begani kama kamba kwenye shina la mti. Halafu kiuno. Nilishangaa wingi wake. Ni kama kufika kwenye nyumba yako ukakuta imejaa watu wanaokungoja tangu jana, na kila mmoja ana shida. Mara kadhaa nilikuta wimbo uko kooni wenyewe, tayari, nikaumeza.

Katikati ya mawe mguu wa kushoto ulianza kutetemeka. Hapo nikajiuliza swali baya kuliko yote: ni kweli nimechoka, au nataka iwe kweli kwa sababu ya Jumapili? Sikujua. Kwa hiyo nikaendelea. Nilipanda ngazi nyingine, na nyingine, nikiwa na kusudi moja tu la kuhakikisha sidanganyi, na kwenye iliyofuata goti lilikunjika bila kuniomba ruhusa. Nilidaka mzizi. Dumu likanivuta nyuma, maji yakagonga ukuta wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliogopa mzigo.

Hata hapo ningeweza kunyamaza. Mnisamehe kwa kujisifu, ila ni kweli: nilikuwa na uwezo wa kung'ang'ania, kusimama, na kuusahau tena. Kinywa kilikuwa kimefungwa kwa mazoea. Kukifungua kulinitoa jasho kuliko mawe yote yale.

"Bega," nikasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Kaka Mringi hakuniuliza nimesema nini. Nilisikia anamkabidhi dumu lake kijana wa Machame, nikasikia magoti yake kwenye mawe, kisha mikono yake ikapita chini ya mikanda yangu ikauinua mzigo wote mara moja.

Mwanamke aliyewahi kumfungua mtoto mgongoni jioni, baada ya kutwa nzima ya shamba, anajua kilichonipata. Nilidhani nitapaa. Mabega yalipanda yenyewe mpaka masikioni. Damu ilirudi mahali ambapo sikujua kwamba haikuwepo, hewa ikaingia mbavuni hadi chini kabisa, na machozi yakatoka, mengi, bila huzuni yoyote. Nililia mbele ya wanaume kumi, na sikuona sababu ya kujificha.

Chini yetu Mbelwa alipiga ukelele. Alikuwa ameketi juu ya jiwe na kioo chake cha kupimia, na mistari yangu yote, iliyolala tangu Dar, ilikuwa imesimama kwa pamoja. Taa ilikuwa ya kijani. Alinieleza baadaye, ameshika kichwa kwa mikono miwili, kwamba alikuwa mjinga kuliko mafundi wote wa Tanga. Mwili hutangaza kinachobadilika. Mzigo uliwaingia watu wale taratibu, hatua kwa hatua, mwili wangu ukiusahau na wao wakiusahau nami. Wakaubeba tangu Sinza bila kujua. Ulipotoka ulitoka wote kwa sekunde moja, na kilichotoka ndicho kilichowaambia uzito wake.

Habari zilitufikia kwa vipande. Kwenye saluni wanawake waliinuka na nywele nusu. Mwalimu mmoja wa Temeke alinyamaza katikati ya hesabu, akajishika bega, na hakuweza kuimalizia. Barabarani magari yalisimama na hakuna aliyepiga honi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tumeimba hivyo tangu utotoni, na mji mzima ukawa umesimama unajipapasa mabega, unatafuta kitu kilichokuwa pale muda wote.

Mimi sikuyajua hayo bado. Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe, mikono mitupu, natazama dumu langu likipanda mlima kwenye mgongo wa mtu mwingine. Nilingoja aibu inifikie. Badala yake nilijivuna. Nimejivuna maisha yangu yote kwa kuwa mbele ya watu, na hii haikuwa hiyo, ilikuwa pana zaidi na haikunilazimu kunyoosha shingo. Nilikuwa nimesema kweli kwa mwili wangu wote, na kulikuwa na mtu nyuma yangu.

Simu ikaita. Ilikuwa Haikaeli, na safari hii alisahau shikamoo.

"Dada." Pumzi yake ilikuwa inakatika. Nyuma yake sikusikia cherehani wala redio. "Dada, nimekaa chini dukani. Kila mtu amekaa chini. Ulikuwa umebeba nini?"

Niliangalia juu. Kaka Mringi alikuwa amefika ukingo wa maporomoko, na jua lilipita ndani ya dumu nikayaona maji yakicheza.

"Maji yako ya kuoga, mdogo wangu," nikamwambia. "Ya asubuhi tu."